Mtoto wa Ugogo Kwenye Rigi ya Mafuta

Watu wa nyumbani wakiniuliza kuhusu ugumu wa kazi ya rigi, huwa wameshakuja na majibu yao: mawimbi, dhoruba, papa, upweke. Mjomba wangu wa Mpwapwa yeye anaamini tunalala chini ya maji. Nikimwambia kwamba zipo siku bahari siioni kabisa, maana nashinda katikati ya makontena, na kwamba papa sijamwona hata mmoja, ananitazama kama mtu anayeficha mali.

Kilichonitoa jasho mimi hakimo kwenye orodha yao. Ni kumwambia mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya wenzake, "Simama." Nimekulia Kongwa, na kwetu mtoto hamkatizi mkubwa. Mkubwa akikosea unanyamaza, unangoja apoe, kisha unatafuta mtu wa rika lake aende akazungumze naye taratibu. Ndivyo tulivyolelewa na wala silaumu. Mambo mengi kijijini yamepona kwa njia hiyo. Ila kreni iliyoning'iniza tani kadhaa juu ya vichwa vya watu haina muda wa kutuma mshenga.

Niseme kwanza rigi yenyewe ni nini, kwa sababu wengi wanachanganya mtambo wa kuchimba kisima na mtambo wa kuvuna mafuta. Sisi wa rigi ni wachimbaji: tunafika, tunatoboa, tunakiacha kisima salama, tunahama. Kwenye maji mafupi hutumika mtambo wa miguu, mara nyingi mitatu. Unaelea ukivutwa na matagi, yaani meli ndogo za kuvuta, hadi kwenye eneo, unashusha miguu hadi sakafu ya bahari, kisha unajinyanyua wenyewe mpaka tumbo lake liwe juu ya mawimbi. Hiyo inafaa kina cha kama mita 120 hivi. Kupita hapo unahitaji mtambo unaoelea, au meli ya kuchimba, ambayo haikanyagi chini. Inashikiliwa pale pale na mapangaboi yanayoongozwa na kompyuta na setilaiti. Meli za aina hiyo ndizo zilizokuja kusini mwa pwani yetu kuanzia 2010, gesi ilipoanza kupatikana kwenye kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara, baadhi ya visima vikiwa chini ya maji ya zaidi ya mita 2,000.

Mimi nilianzia huko, tena nchi kavu: kibarua bandarini Mtwara, kupakia mabomba kwenye meli za ugavi. Mji ulikuwa umechangamka, chumba kimoja kinapanda bei kila ukigeuka. Halafu bei ya mafuta duniani ikaanguka. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya dola 30. Meli zikaondoka, vibarua tukabaki na ovaroli zenye nembo za kampuni ambazo hazipo tena mjini. Nikarudi Dodoma, nikauza vifaa vya umeme Majengo, mpaka mtu niliyefanya naye kazi gatini aliponiunganisha na rigi ya miguu huko Ghuba ya Uajemi. Nimekuwa nikienda na kurudi tangu hapo.

Kabla hujapanda helikopta lazima ufundishwe kutoka ndani yake ikiwa imeanguka majini. Mafunzo haya hufanyika kwenye bwawa, ndani ya kibanda cha chuma kilichotengenezwa kama tumbo la helikopta. Mnakaa humo mmefungwa mikanda, mmevaa suti nzito za kujiokoa, kibanda kinashushwa. Maji yanaanza miguuni, yanapanda kifuani, yanafika kidevuni. Hapo unavuta pumzi ya mwisho na kibanda kinapinduliwa juu chini. Mkono mmoja umeshika fremu ya dirisha, na huruhusiwi kuuachia kwa sababu yoyote, kwani ukishapinduliwa kulia na kushoto havipo tena. Ule mkono ndio unaojua mlango uko wapi. Unasubiri kibanda kitulie. Unasukuma dirisha litoke. Ndipo unafungua mkanda, si kabla, kwa sababu ukiufungua mapema unaelea hovyo na dirisha hulipati. Maji yanaingia puani kama pilipili. Mimi maji mengi niliyoyajua ni bwawa la Hombolo, na kuogelea kule lilikuwa kosa la kuchapwa. Cheti chenyewe kinadumu miaka minne, kisha unarudia, na sijasikia mtu akisema ametamani kurudia.

Kazini ni saa 12 kwa siku, kila siku, bila Jumapili, kwa wiki nne au zaidi kulingana na mkataba. Unaanza saa 12 asubuhi, unampokea wa usiku. Saa 12 jioni yeye anakupokea wewe. Mnaoshiriki chumba mnapangwa shifti tofauti, kwa hiyo unaweza kuishi na mtu mwezi mzima ukamfahamu kwa harufu ya sabuni yake tu. Pombe hakuna. Kiberiti cha gesi kinaachwa kiwanja cha helikopta. Kwenye ngazi unashika reli, na ukionekana huishiki utaambiwa hata na mpishi. Chakula ni kingi, na kizuri kuliko watu wanavyodhani, ingawa mlenda sijaukuta.

Na wachimbaji hasa ni wachache. Rigi ya miguu ina watu kama mia hivi. Humo kuna wapishi, wafua nguo, wasafishaji, tabibu, mafundi umeme, mafundi mitambo, wachomeleaji, wapaka rangi, waendesha kreni, mtu wa redio. Upande wa uchimbaji kuna ngazi inayopandwa pole pole: marostabauti, yaani sisi wa sitahani tunaobeba, kufunga na kuelekeza mizigo, juu yetu wale wa sakafu ya kuchimbia wanaounganisha mabomba, kisha mtu wa mnarani, ambaye pia huangalia tope, kisha drila, anayeshika breki na macho yake yako kwenye mita, juu yake msimamizi wa uchimbaji, na mwishoni meneja wa mtambo mzima. Tope ninalotaja si matope ya mvua. Ni kimiminika kinachopikwa kwa vipimo, kinateremshwa ndani ya bomba na kupanda nje yake. Linapoza keekee, ile ncha inayotoboa mwamba, linapandisha vipande vya mwamba, na kwa uzito wake linaikandamiza gesi isipande. Uzito ukipungua kuliko shinikizo la chini, kisima kinaanza kusukuma, na mtu wa kwanza kuhisi hilo anaweza kuwa kijana anayeona tope limeongezeka kidogo kwenye tangi kuliko lilivyokuwa dakika tano zilizopita. Akinyamaza kwa kuogopa kuonekana mjinga, tumekwisha.

Ndiyo maana siku ya kwanza, kabla hujaoneshwa hata kitanda, unasomewa kanuni: yeyote anaweza kusimamisha kazi yoyote. Mfua nguo anaweza kumsimamisha meneja. Haombi ruhusa. Ukisoma ni sentensi fupi sana.

Mwendesha kreni wetu alikuwa Mmisri mtu mzima, tulizoea kumwita Haji. Amekaa kwenye kreni tangu mimi niko darasa la tatu. Usiku mmoja tulikuwa tunapokea makontena kutoka meli ya ugavi, bahari imeanza kuvuruga, nahodha wa meli anatuhimiza tufanye haraka kwa sababu hawezi kukaa karibu na miguu ya rigi muda mrefu. Mimi ndiye niliyekuwa mwelekezaji sitahani. Kontena limeshaachana na meli, linapanda, linageuka pole pole, na taa kubwa ikamulika juu ya paa lake. Nikaona kitu kinang'aa. Spana. Fundi wa nchi kavu kaisahau, na kila kontena likiyumba ile spana inasogea kuelekea ukingoni.

Ishara ya kusimamisha haina ufundi: unanyoosha mikono yote miwili. Kreni lazima isimame hata kama aliyenyoosha si mwelekezaji. Lakini nakumbuka kabisa kwamba kabla mikono haijanyooka kulikuwa na kitu kilichoishika. Haji yuko juu, anaona kuliko mimi, huenda ameshaiona. Nahodha anafoka redioni. Na mimi ni nani? Mikono ikanyooka. Kontena likasimama hewani, redio ikauliza kuna nini, nikasema kuna spana juu ya paa. Kimya. Kisha sauti ya Haji, bila hasira wala shukrani: watu watoke wote chini. Akalirudisha kontena melini, spana ikaondolewa, tukaanza upya. Nahodha alitusema mpaka alipochoka.

Spana ya nusu kilo ikidondoka kutoka urefu wa ghorofa kumi, kofia ngumu ni pambo tu. Hilo tunafundishwa kwa mchoro: uzito upande huu, urefu upande ule, na rangi inakuonesha kama ni jeraha au ni jeneza. Lakini somo lililonikaa lilikuja baada ya shifti. Kuna kadi ndogo zinazojazwa mtu akiona hatari. Haji aliijaza yeye mwenyewe, akaandika jina langu kama aliyesimamisha, akatia sahihi yake chini. Mzee aliyekatizwa na kijana, akaandika ushahidi kwa mkono wake kwamba kijana alikuwa sahihi.

Nisidanganye kwamba wote wako hivyo. Nimeona rigi nyingine ambako aliyesimamisha kazi alipigiwa makofi kwenye mkutano wa asubuhi, halafu ratiba ya mwezi uliofuata ikamkuta kapelekwa kusugua matangi. Hakuna aliyemwambia sababu. Watu waliielewa bila kuambiwa, na kwa miezi kadhaa mikono ilikuwa mizito sana pale.

Tulioko kwenye kazi hii tunatajiwa Piper Alpha mpaka tunaikariri. Ulikuwa mtambo wa kuvuna mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Uskochi. Tarehe 6 Julai 1988 mchana, pampu moja kati ya mbili ilikuwa kwenye matengenezo: vali yake ya usalama ilikuwa imetolewa, na mwanya wake ukazibwa kwa kifuniko ambacho hakikukazwa vya kutosha. Karatasi ya kibali cha matengenezo iliandikwa. Ila kwenye makabidhiano ya jioni habari ile haikumfikia mtu wa zamu ya usiku. Usiku pampu ya pili ikagoma, wakaamua kuiwasha ile ya kwanza, na gesi ikatoka pale palipozibwa. Walikufa watu 167. Walionusurika ni 61.

Watu wengi wanaijua sehemu ya karatasi. Sehemu inayoninyima usingizi mimi ni ya majirani. Kulikuwa na mitambo miwili mingine, Claymore na Tartan, iliyounganishwa na Piper Alpha kwa mabomba. Waliuona moto kwa macho yao. Wakaendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea kwenye moto ule ule, kwa kuwa wakubwa wa pale hawakujiona na mamlaka ya kufunga uzalishaji bila idhini kutoka nchi kavu. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen ulimalizika 1990 kwa mapendekezo 106, na taratibu nyingi zinazotusumbua leo zimetoka humo. Nikisoma habari ya Claymore naona watu wanaofanana sana na watu wa kwetu: waungwana, wenye adabu, wanaomsubiri mkubwa aseme.

Nikirudi Dodoma, naona jambo hilo kila kona. Mji unajengwa, kutoka Mtumba hadi Nkuhungu, na ukiinua macho utamkuta kijana ghorofa ya nne, ndala miguuni, amesimama kwenye mirunda iliyofungwa kamba za katani. Chini yake wapita njia na mama anayeuza maandazi. Mke wangu ameshanikataza kusimamisha gari kwa ajili hiyo. Anasema tutapigwa siku moja, na huenda anasema kweli.

Kurudi kwenyewe siku hizi si shida. Tangu treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, nikishuka ndege Dar es Salaam mchana, jioni nanawa mikono kwangu. Shida ni vinavyopita ukiwa haupo. Mtoto wangu wa mwisho alianza kutembea mimi nikiwa sitahani, nikaoneshwa kwenye video iliyokuwa ikikwama kwama. Misiba ndiyo mbaya zaidi. Kwetu asiyeonekana msibani anajulikana, na hata ukituma rambirambi ya kutosha ng'ombe wawili, bado kuna mtu atauliza, "Na yule mwingine yuko wapi?" Helikopta haiji kwa sababu shangazi amefariki. Wanaosema tunalipwa sana nawaambia kazi ile ile ya kufunga mizigo hata bandarini inafanyika. Ziada yote ni bei ya kutokuwepo.

Sasa vijana. Wananisimamisha Nyerere Square, wengine ni wa UDOM, wengine wa Chuo cha Madini, wanauliza njia. Wengi wanadhani bila shahada ya mafuta haiwezekani. Shahada ni nzuri, ina milango yake. Lakini kuingia sitahani, fundi umeme au mchomeleaji mzuri wa VETA, mwenye vyeti vya usalama na Kiingereza cha kueleweka redioni, ana nafasi kuliko mhitimu ambaye hajawahi kushika spana. Mpishi wa hoteli pia. Na si lazima uanzie baharini. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, limepita Singida na limepita Kondoa na Chemba, hapa hapa mkoani. TPDC, shirika la mafuta la taifa, wanatafuta mafuta bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa Singida. Ukipata uzoefu wa kazi za namna hiyo, zenye vibali na makabidhiano ya maandishi, umeshapata nusu ya kinachotafutwa.

Tahadhari moja, maana nimechoka kufuatwa na walioliwa. Barua ya ajira ya rigi ya Kanada inayokuja kwa WhatsApp, na kukutaka utume "ada ya viza" kwa namba ya simu ya mtu, ni wizi. Mwajiri wa kweli hakuuzii kazi. Wakala anayepeleka watu nje anatakiwa awe na leseni. Mwombe uione kabla hujauza kiwanja. Na dada zangu, yule "injinia wa mafuta" mjane mliyekutana Facebook, ambaye mtambo umeharibika na anahitaji dola za haraka za kununua kipuri: hakuna rigi duniani inayonunua vipuri kwa hela ya mchumba wa Area C.

Kwa sasa niko nyumbani najenga Iyumbu. Fundi mkuu ni mzee mzoefu, amejenga nusu ya mtaa, nami namwamkia kila asubuhi. Juma la kwanza la kupandisha ukuta niliwakusanya mafundi na vibarua, nikawapa ile sentensi: yeyote akiona hatari asimamishe kazi, awe nani, mbele ya nani. Wakaitikia kama watu wanaosikiliza tangazo la msiba wa mbali. Kisha kijana mmoja, saidia fundi, akanyoosha kidole. "Kaka, samahani. Nikisimamisha, siku yangu inalipwa?"

Wenzake wakacheka, ila wakabaki wananitazama. Rigi nzima haikuwahi kunifikirisha hivyo. Mimi ninaponyoosha mikono, mshahara wangu wa mwezi uko pale pale; kreni ikisimama saa nzima hasara ni ya tajiri wa mafuta. Huyu analipwa kwa siku, na siku ikikatika katikati anarudi Chang'ombe bila unga. Kumbe nilichokuwa nakiita ujasiri, sehemu yake kubwa ilikuwa mkataba. Nikamjibu inalipwa.

Fundi mkuu akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, umeniharibia vijana. Kesho watasimamisha kwa sababu ya jua." Tukabishana pale kwenye tofali, kwa heshima zote. Mwishowe tukakubaliana: anayesimamisha aoneshe kitu chenyewe, na siku inalipwa.

Haikupita muda yule yule kijana akasimamisha. Kamba ya mrunda mmoja ilikuwa imelegea, ukiutikisa unacheza. Fundi mkuu akaukagua, akaguna, akaamuru jukwaa lote lifungwe upya, kazi ikalala mpaka mchana. Jumamosi akaniletea hesabu kwenye daftari lake la mistari, na kati ya saruji na maji ya boza kulikuwa na mstari mpya kwa mwandiko wake wa kulala: "Kusimama, nusu siku, watu 5." Nikalipa. Kwa mbali nilihisi alikuwa amezidisha mtu mmoja.